Uliuziwa Mifupa

Saa nane mchana lango la nyuma la kiwanda cha minofu lilifunguliwa na mkokoteni ukatoka. Wanawake arubaini waliokuwa wameketi kivulini mwa ukuta walisimama na mabeseni yao, kusukumana kukaanza. Mkokoteni ulibeba mgongo wazi, yaani samaki aitwaye mbuta aliyekwisha kukatwa minofu yote akabaki kichwa, uti na mkia. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Mifupa ilipanda mkokoteni kuja kuliwa na watu wa Homa Bay. Filister, mmoja wao, alichagua migongo kumi na minane. Alitazama mashavu kwanza, kwa sababu mkataji mwenye haraka husahau nyama shavuni, lakini Jumanne hiyo ya mwaka wa tisini na sita hakuna mkataji aliyekuwa na haraka.

Kibanda chake kilikuwa hatua mia moja kutoka langoni: mabati machache, benchi mbili, jiko la kuni na karai moja jeusi. Watu walikiita hoteli, na kwa nini wasikiite? Mtu akiketi, akamiminiwa maji ya kunawa na kuletewa sahani, hiyo ni hoteli. Filister alisubiri mafuta yapate moto, akatia migongo minne. Alipoigeuza mara ya tatu ilikuwa imeota nyama.

Nyama ilianzia kwenye uti, ikatambaa juu ya miiba mpaka ikafunika pande zote mbili, nyeupe na nene. Filister aliongeza kuni, kwa sababu nyama inataka moto kuliko mifupa. Aliongeza na chumvi. Wateja walikula kwa utulivu wao wa kila siku, ila fundi mmoja wa baiskeli alilalamika kwamba yeye amezoea kukwaruza mfupa, na sasa meno yake yamekosa kazi.

Jioni Filister alipita dukani kwa Abdurahman, mfanyabiashara wa kutoka Lamu aliyemuuzia mafuta kwa miaka mitano, akamuuliza kama amebadilisha mafuta.

"Mafuta ni yale yale, mama, na pipa ni lile lile," alisema Abdurahman. "Yangekuwa yanaotesha nyama, ningekuuzia kwa bei hii?"

Filister aliona jibu hilo lina akili. Akashika njia ya nyumbani na kipande kikubwa amekifunga kwa gazeti.

Kipande hicho kilikuwa cha Mzee Cephas, baba wa marehemu mumewe. Mzee alivua samaki Mbita miaka thelathini na minne kabla ya kuhamia karibu na mji. Hapo zamani yeye na wenzake walimdharau mbuta, samaki wa kuletwa, mafuta tele, tena aliyewala ngege, samaki wao wa asili, karibu wote. "Walituambia tumzoee," alikuwa akisema. "Tukamzoea. Tulipomzoea, wakamchukua." Siku mkokoteni wa mifupa ulipotoka langoni kwa mara ya kwanza, Mzee Cephas aliapa kwamba mgongo wazi hautaingia kinywani mwake, kwa kuwa nyama yake anaijua. Tangu hapo alikula ugali kwa mboga za majani, na zikikosekana, kwa maji ya chumvi. Mwaka wa pili ulipokwisha mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu matatu mapya, na alitembea ameshika ukuta. Daktari alimwambia Filister kwamba mzee haumwi, ana njaa. Filister aliona aibu mpaka akasahau kadi ya hospitali mezani. Mke wa mwana ndiye ampikiaye mkwewe, na mzee akifa kwa njaa watu hawatakwenda kukiuliza kiwanda.

Kwa desturi yao mkwe hali mbele ya mke wa mwanawe. Filister aliweka sahani juu ya kigoda mlangoni mwa nyumba ya mzee, akabisha hodi, akaondoka. Asubuhi sahani ilikuwa tupu. Baada ya wiki mbili za sahani kama hiyo mzee aliachana na ukuta, na mkanda wake ukarudi nyuma tundu moja. Filister alianza kuimba akiosha vyombo.

Wiki ya tatu alikuja Mokaya, afisa wa kiwanda anayesimamia ubora wa samaki. Hakuja kwa ubaya. Alikuwa akitafuta mkokoteni uliopotea. Angejibiwa kwamba haujaonekana, angekwenda zake. Lakini Filister alilelewa kwamba mgeni haulizwi wala hajibiwi kabla hajala, kwa hiyo alimnawisha mikono na kumwekea sahani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasema Waswahili. Waliosema hivyo hawakuwa na kibanda nyuma ya kiwanda.

Mokaya alitafuna tonge la pili, akaacha kutafuna.

"Madam, hii ni minofu."

"Ni mgongo wazi."

"Mimi nimefanya kwa kiwanda miaka sita. Hii ni minofu ya gredi ya kwanza. Umetoa wapi?"

"Imeota."

Mokaya alichungulia karai. Mgongo mmoja ulikuwa katikati ya kuota, nyama imefika nusu ya miiba. Alitoa kalamu mfukoni.

"Inaota saa ngapi?"

"Nikigeuza mara ya tatu."

Akaandika, akamaliza sahani yake, akashukuru.

Kesho yake vyumba vya baridi vya kiwanda vilipimwa upya na hakuna hata robo kilo iliyopungua. Hilo halikumsaidia Filister. Mokaya alirudi na barua yenye muhuri, akaisoma amesimama. Ilisema kwamba yeye aliuziwa mifupa, nyama hakuuziwa, na nyama yoyote itakayoota kwenye mifupa ya kampuni ni mali ya kampuni. Filister alitafuta kosa ndani ya maneno hayo, akalikosa. Alimpelekea chifu barua hiyo, na chifu naye, alipokwisha kula, alitafuta kosa akalikosa.

Basi ikawa kila siku saa kumi Mokaya anakuja na mizani, sanduku la barafu na mkataji. Nyama ikatolewa kabla mteja hajaketi, na mifupa ikabaki kuwa ya Filister. Mfupa uliokwisha kukatwa haukuota tena, hata ukirudishwa kwenye mafuta. Minofu ya kukaangwa iliandikiwa gredi yake yenyewe, na ilisemekana kwamba Ulaya wameipenda.

Filister aliomba aachiwe kipande kimoja tu, cha mzee.

"Kilo moja ikipotea, lango linafungwa," alisema Mokaya. "Si kwako peke yako. Kwa wamama wote."

Mkataji alikuwa Fanuel, shemeji yake Filister, kitinda mimba wa Mzee Cephas, aliyefundishwa kisu na baba yake huyo huyo kule Mbita. Mokaya alipoinama kusoma mizani, Fanuel alisema kwa sauti ya chini, "Shemeji, nisamehe. Nikikataa wataleta mwingine, na huyo hataacha hata shavu." Kisha akakata, na yeye pia hakuacha shavu.

Kigoda kikarudia ugali na mboga. Siku ya tano Filister alikuwa hana hata mboga, akaweka mgongo wazi kando ya ugali. Asubuhi aliukuta kama alivyouweka, umejaa inzi. Siku ya nane mzee alishika ukuta tena. Filister alimwona kwa mbali akitoka chooni, mkono mmoja ukipapasa udongo, na hasira zikampanda. Hakujua amkasirikie nani kwanza, Mokaya, au Fanuel, au mzee mwenyewe na kiapo chake.

Siku ya tisa, saa kumi kasorobo, Mzee Cephas alitokea kibandani amevaa koti, mkononi ana fimbo. Maishani mwake hakuwahi kula hotelini. Alikuwa akisema chakula cha hoteli ni cha mwanamume asiye na mke. Aliketi kwenye benchi. Filister alihamia upande wa pili wa moshi na kuinamisha macho.

"Baba, nitakuletea nyumbani."

"Nyumbani mimi ni mkwe," alisema Mzee Cephas. "Hapa ni hoteli, mimi ni kastoma. Niwekee, nyathina, mwanangu."

Filister alimnawisha mikono ameangalia kando. Kwenye karai samaki walikuwa wamemaliza kuota. Alimtoa mkubwa kuliko wote, akamweka mbele ya mzee pamoja na ugali, na alijua vizuri anachofanya. Hakuna mtu wa kwao anayeondoa sahani mbele ya mzee aliyekwisha kunawa. Wanawake wa langoni walikuwa wamesikia kwamba mzee ameketi hotelini. Walikuja mmoja mmoja, wakasimama nje ya kibanda na mabeseni yao matupu.

Mokaya aliingia, Fanuel nyuma yake. Alihesabu samaki.

"Kumi na saba," alisema. "Ya kumi na nane iko wapi?"

Mokaya aliiona sahani, akamwona na aliyeketi mbele yake, akavua kofia, maana naye alizaliwa na watu.

"Mzee, habari."

"Mzuri."

"Hiyo samaki ni ya kampuni."

"Nimeambiwa."

"Nikirudi bila hiyo, kesho lango halifunguliwi." Alisema bila hasira, na hilo lilitisha kuliko hasira. "Fanuel, toa."

Fanuel alisogea hatua moja na kisu chake, akasimama. Kumnyang'anya baba yake sahani hakuweza, na kumkataa Mokaya hakuweza. Kula, baba, Filister alisema moyoni, kula basi, tonge moja tu na hawataweza kuirudisha. Mzee Cephas hakula. Aliwatazama wanawake waliosimama nje, akawapitia wote, wa kwanza mpaka wa mwisho, kisha akayatazama mabeseni. Ilichukua muda. Samaki aliacha kutoa mvuke.

"Leta kisu," alimwambia mwanawe.

Fanuel alimpa.

"Unashika vibaya. Nilikufundisha hivyo?"

Aliingiza ncha nyuma ya kichwa, akaiteremsha sambamba na uti kwa mkato mmoja mpaka mkiani, akamgeuza samaki, akarudia. Minofu miwili ilitoka mizima. Halafu alichimba mashavu, kulia na kushoto, asiache hata uzi wa nyama, akaweka yote kwenye mizani kwa mkono wake. Mokaya aliandika uzito. Alisema tangu aajiriwe hajaona mkato safi namna hiyo, na kama mzee anatafuta kazi, apite ofisini. Mzee Cephas alisema hatafuti.

Kisha akaivuta sahani karibu, akamega ugali, akaanza kula mgongo wazi. Alifyonza mfupa mmoja mmoja mbele ya mke wa mwanawe, mbele ya Fanuel na wanawake arubaini, akamalizia kwa kichwa. Filister alilia wazi wazi nyuma ya moshi. Jirani alipomtazama, alisema kuni ni mbichi.

Mzee alinawa, akashika fimbo yake.

"Chumvi imepungua," alisema. "Kesho ongeza."

Kesho yake lango lilifunguliwa saa nane. Filister alisukumana na wenzake, akachagua migongo kumi na minane, akaondoka nayo. Alipofika katikati ya njia alirudi mkokotenini kuchukua wa kumi na tisa, wa nyumbani.