Chura wa Majani Machafu

Kijiji kizima cha Lupepo kilijua kwamba migomba ya Atuganile ni aibu. Wenzake walifagia chini ya migomba mpaka ukimwaga mchele unauokota wote. Kwake majani makavu yalilala yalipoangukia, magogo yalioza, na chemchemi ilijiendea ilikotaka. Alikuwa mvivu wa kufagia, na alijua. Kilichomuuma ni Tupokigwe, wifi yake na jirani wa mpakani, aliyelitangaza jambo hilo kila Jumapili baada ya ibada.

Siku moja akaja Lightness, mtafiti wa vyura, amevaa mabuti mpaka magotini. Akafunua jani lililooza, akapiga kelele ya furaha. Chura mwenyewe hakuzidi ukucha wa kidole gumba: mgongo rangi ya ugoro, mstari wa dhahabu ubavuni, tumbo kama papai bivu.

"Mama, huyu tulidhani ametoweka! Ijumaa ya wiki ijayo naleta wakubwa. Wakimwona, shamba lako litawekewa kibao cha hifadhi. Usihangaike na chochote, liache hivi hivi."

Usihangaike! Mgeni gani mwenye adabu husema vingine? Atuganile alisikia alichofundishwa na mama yake: hangaika, ila usionekane. Moyo ulimjaa. Kibao kikisimama pale, Tupokigwe atanyamaza mpaka kufa.

Basi kwa mara ya kwanza maishani akafagia kama mwenye wazimu. Akachimba mfereji, chemchemi ikanyooka. Taka zote, majani na magogo, akazibwaga ng'ambo ya mpaka, kwa Tupokigwe, aliyekuwa Mbeya kwa binti yake aliyejifungua. Alizibwaga kwa makusudi, tena kwa raha. Mvua ikazinyeshea wiki nzima.

Ijumaa wakubwa wakakuta uwanja unang'aa. Lightness alishika kichwa.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimefagia, mwanangu," alisema Atuganile kwa fahari.

Walitafuta mpaka wakakata tamaa. Ndipo mlio mwembamba ukasikika mpakani, tik, tik, ndani ya lundo. Wakubwa na suti zao wakaruka mfereji, wakapiga magoti kwenye taka, simu mkononi.

Tupokigwe akawakuta hivyo hivyo, begi bado kichwani. Alikuwa amefungua kinywa kuuliza ni mshenzi gani amemtupia uchafu, mkubwa mmoja akamwahi kwa mkono: "Hongera sana mama, kwa kutunza mazingira."

Tupokigwe aliliangalia lundo. Akauangalia uwanja wa wifi yake uliofagiwa, akaelewa kila kitu.

"Ndaga," alishukuru kwa upole. "Tumezoea kuyatunza."

Kibao kikasimikwa kwake. Atuganile alitazama kutoka ng'ambo ya mpaka. Angesema taka ni zake, angeulizwa nani alizitupa.

Jumapili, baada ya ibada, Tupokigwe alimshika mkono mbele ya watu wote.

"Wifi, siku hizi kwako ni pasafi kweli!"

Ndiyo sifa aliyoingoja tangu aolewe. Atuganile akasema ndaga.