Mji Uliozingirwa

Mwaka 1974, baada ya kuhamishiwa kijiji kipya karibu na Kinyangiri, katekista Antipasi alitundika sebuleni picha aliyoachiwa na padri aliyerudi Ulaya. Ilionyesha bonde pana chini ya mawingu mazito. Mbele, kilimani, palikuwa na wanaume juu ya farasi, mmoja akinyoosha kidole. Kando yao vibanda vya nyasi na mikokoteni iliyojaa vyombo. Mbali, mji ulifuka moshi.

Laurenti, katibu wa kijiji, alipita kukagua nyumba akiwa na Naftali, balozi wa nyumba kumi. Akasimama mbele ya picha.

"Hii ni Operesheni Vijiji," alisema. "Umetuchora."

"Ndugu Katibu, hao wana farasi. Sisi tulikuja kwa lori."

"Usinichezee. Nyumba zinaungua, watu wanalala vibandani, na huyu mwenye kidole ni mimi nikigawa viwanja. Eleza hapa, au utaeleza wilayani."

Maelezo Antipasi alikuwa nayo. Padri alimsomea maandishi ya chini ya picha. Lakini Naftali alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, na mwezi uliofuata mwanawe angemwoa Felista, binti wa Antipasi. Kwa sababu ya dini, makubaliano yalikuwa yamechukua mwaka mzima.

"Ni vita vya zamani vya Wazungu," Antipasi alisema. "Jeshi limeuzingira mji."

"Jeshi la nani?" Naftali aliuliza.

"La Wakatoliki."

"Na waliomo mjini?"

"Walutheri."

Naftali alivaa miwani, akasogea. "Mji ulianguka?"

"Padri alisema ulianguka."

"Basi huyu si wewe, Ndugu Katibu. Twende nyumba nyingine."

Naftali aliondoka bila kuaga, na hakutuma neno tena. Mke wa Antipasi alitaka picha ichomwe. Antipasi alikataa: Laurenti angesema alidanganya.

Siku ya harusi wanawake walifunga mlango kama ilivyo desturi, hadi upande wa bwana harusi utoe zawadi, bila kujua kama kuna atakayebisha. Jua lilikuwa limeshapanda vigelegele viliposikika njiani, kisha sauti ya Naftali nje:

"Katekista, tumeuzingira mji."

"Chakula tunacho," Antipasi alijibu. "Tutakaa hata mwaka."

"Na kitenge cha bibi yake Felista je, mnacho?"

Kitenge kikapitishwa dirishani, mlango ukafunguliwa. Naftali aliingia wa kwanza, akachagua kiti kilichoipa picha mgongo.