Pengo Kwenye Msafara

Msiba haukimbizwi. Ndivyo tulivyolelewa, na ndiyo maana msafara wetu ulitoka Buswelu ukijikokota, kila gari likiliachia la mbele nafasi. Mbele kabisa lilikuwa gari lenye mwili wa kaka yangu Alexander, aliyetolewa ziwani baada ya kutafutwa siku kadhaa. Nyuma kabisa tulikuwa mimi, mama na Ngosha, dereva wetu. Wazee walikataa mama apande na jeneza. Alikuwa anazimia kila alipoliona. Meli ya Ukerewe ilikuwa inaondoka asubuhi hiyo, na mwili ule usingeweza kungoja ya jioni.

Kwenye makutano ya barabara kuu, gari la mwili likapita. La wazee likapita. Sisi taa ikatuwakia nyekundu.

"Mbona mapema hivi?" nikafoka.

"Hizi mpya zina kamera," Ngosha akasema. "Zikiona pengo zinajua magari yameisha, zinawapa upande mwingine."

Barabara kuu haikuwa na pengo. Malori, mabasi, bajaji, vyote vilifuatana kama shanga. Nikashuka, nikamwendea askari wa barabarani.

"Afande, tuna msiba! Tupitishe!"

"Pole, kijana. Zamani ningesimamisha wote, na saluti ningepiga. Sasa zinajiamulia zenyewe. Juzi mwenzangu alipitisha watu kwa mkono, lori likaivaa bajaji."

"Basi zizime!"

"Nizizime na nini? Zinaendeshwa kutoka ofisini."

Nikaupiga mlingoti wa taa teke. Nikaupiga tena. Bodaboda mmoja akacheka.

"Dogo, uambie marehemu alikuwa diwani, labda utaelewa!"

Nikamgeukia na ngumi. Mama akaniita kutoka garini, kwa sauti ndogo sana. Nikarudi.

Tulipofika bandarini geti lilishafungwa. Meli ilikuwa inageuka, jeneza likiwa ndani. Mama akampigia mdogo wake, aliyekuwa melini na jeneza.

"Shimba, msimfukie mpaka nifike."

Nilisikia injini kwenye simu. "Dada, hali ya mwili unaijua. Tukishuka tu, ni makaburini."

"Nitupe udongo tu, Shimba. Konzi moja."

Mama akanikabidhi simu.

"Ongea naye wewe. Wewe ndiye unayejua kusema."

"Mjomba," nikasema.

"Ndiyo, mjomba."

Tukabaki hivyo, yeye akipumua, mama akinitazama mdomoni, mpaka mtandao ukakatika.