Kura ya Mgongoni

Kijiji hiki hakimchagui mwenyekiti wa mfereji kwa karatasi. Wagombea husimama wakiutazama ukuta wa ghala, watu hujipanga nyuma yao, na mgombea akigeuka kabla ya kuhesabiwa, kwaheri. Eti ili asimwekee mtu kinyongo. Sawa, lakini masikio nani atayaziba?

Bwana Vitunguu alisimama pua karibu na tofali, akisikiliza. Ndiye aliyeshika ufunguo wa lango la maji msimu uliopita, na aliutaka tena. Kando yake alisimama mpinzani wake, fundi cherehani, mjane mwenye shamba la chini. Maharage ya fundi yalikauka yakiwa na maua, na kila mtu alijua sababu: zamu yake ilipofika, maji yalikwenda kwenye vitunguu vya mwenyekiti. Ukiuliza, unaambiwa mfereji ulipasuka. Ulipasuka wapi, mbona hakuna aliyekanyaga tope? Haya, tuyaache.

Mama yake Bwana Vitunguu hakuyaacha. "Baba, nenda kamwombe radhi jirani yako," alimwambia. Alikuwa akimwita mwanawe baba tangu akiwa mchanga.

"Mama nawe! Maji hayana mwenyewe."

"Kama hayana mwenyewe, ufunguo wa nini?"

Hakwenda.

Sasa nyayo zilikuwa zikija nyuma yake. Alizitambua: viatu vya mpira vya shemeji yake, kikohozi cha mwenye mashine ya kusaga. Wote wa juu ya mfereji, ambao maji huwafikia kwanza. Mwenzao akikaukiwa, wao wanalala usingizi. Mstari ukarefuka, naye akaanza kuuchekea ukuta.

Kisha akasikia mkongojo. Ko. Ko. Ulikuwa wa mama yake, hapakuwa na mwingine wenye ncha ya chuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyeipigilia, bi mkubwa asiteleze. Ukaja hadi nyuma yake, ukasimama. Moyo wake ukatua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alijiambia.

Ko. Ko. Ukampita.

Shingo ilimuuma kwa kujizuia asigeuke.

"Geukeni!" msimamizi akaita.

Alikuwa ameshinda, tena vibaya sana. Mstari wake ulipinda hadi nyuma ya ghala. Wa fundi ulikuwa mfupi, na mwishoni kabisa alisimama mama yake, mikono yote miwili juu ya mkongojo, akimtazama bila hasira. Heri angekasirika.

Wakamvika ufunguo shingoni. Akapenya katikati ya vigelegele hadi alipo mama.

"Mama, nimeshinda."

"Hongera, mwenyekiti."

Lilimchoma neno hilo, asikwambie mtu. "Mama, mimi ni mwanao."

"Namjua niliyemzaa. Sasa nakuuliza wewe, mwenyekiti: zamu ya fundi ni lini?"

Aliushika ufunguo. "Kesho asubuhi. Nitamfungulia mwenyewe."

"Haya. Tutaona, mwenyekiti."

Akaushika mkono wa fundi cherehani, wakaanza kuteremka pamoja kuelekea shamba la chini. Bwana Vitunguu aliusikiliza mkongojo mpaka ukapotea. Watu walimzunguka, wakimpa mkono, wakimwita mwenyekiti, mwenyekiti, na hakuna hata mmoja aliyemwita baba.