Nyongeza ya Mheshimiwa

Mdogo wangu ana miaka mitatu, na nyumbani tunamwita Mheshimiwa kwa sababu huletewa chakula, hukitazama, kisha huahirisha kikao. Niliporudi likizo kutoka shule ya bweni nilikuta hali ya hatari imetangazwa. Mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki ulikuwa umeshuka miezi miwili mfululizo, na muuguzi alikuwa amemwambia mama bila kuzunguka: ukishuka tena Ijumaa, mtoto analazwa.

Hakuna aliyekaa kitini nyumbani kwetu. Mama, ambaye hushona mapazia, alikuwa akitoka karakana mchana na vipande vya uzi bado vimemganda begani, anajaza sahani mpaka inakuwa kichuguu, kisha anamkimbiza mtoto na kijiko kutoka sebuleni hadi bafuni. Shangazi aliimba. Televisheni iliimba. Mheshimiwa alibana midomo kama bahasha ya mtihani wa taifa. Mimi nilitembea kutoka dirishani hadi mlangoni nikihesabu siku, na jibu likakataa kubadilika: tano.

Jumapili nikaomba nikabidhiwe chakula cha mchana.

"Wewe?" shangazi akauliza. "Wewe uliyetia chumvi kwenye kopo la sukari?"

Nilikiri kosa hilo kwa unyenyekevu, nikaeleza kwamba miaka mitatu ya bwaloni imenifundisha jambo la kisayansi: sijaona mwanafunzi akibembelezwa kula, wala sijaona sahani ikirudi na chakula. Mama alikuwa amechoka mno kubishana.

Nikagonga sufuria kwa mwiko, nikatangaza kuwa bwalo limefunguliwa na wote wapange foleni. Foleni yenyewe ilikuwa ya watu watatu: ndoo, kandambili moja, na Mheshimiwa, aliyekuja mbio kuona kelele ni za nini. Alijaribu kuchomekea mbele ya kandambili. Nikamrudisha nyuma, maana haki ni haki. Zamu yake ilipofika nikampa wali kijiko kimoja na maharage manne.

Akaitazama sahani. "Kidogo."

"Ndicho kipimo. Ukimaliza, unarudi kwenye foleni, unasema 'nyongeza'."

Asiyewahi kulala bweni hawezi kujua uzito wa neno hilo. Nimeona vijana wenye akili timamu wakipoteza kiatu kwa ajili yake. Mheshimiwa alimeza maharage yake manne, akasimama nyuma ya ndoo, akasema, "Nyongesa." Alirudi mara tano. Shangazi alisahau kuimba.

Jumatatu alirudi mara sita, na Jumanne na Jumatano hakupungua. Alhamisi, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaona mzaha mzuri namna hii haufai kukosa kilele. Aliporudi mara ya pili nikafunika sufuria, nikamwambia kwa sauti ya mpishi wetu wa shule kwamba imekwisha. Nilitegemea apige kelele, tucheke, nifunue. Hakupiga kelele. Aliweka sahani sakafuni taratibu, kama waziri anayejiuzulu, akaingia chini ya meza. Nilifunua sufuria nikamwonyesha, hakuangalia. Jioni hakugusa kitu. Mama alikaa tu, akikunja kadi ya kliniki na kuikunjua.

Ijumaa asubuhi mama alikuwa amekwisha kuvaa viatu, uji umepoa, na midomo ya Mheshimiwa imefungwa. Niliizunguka meza mara nne hivi. Kisha nikapiga magoti.

"Jana nilikudanganya," nikamwambia. "Chakula kilikuwepo. Leo shika wewe upawa."

Akautazama upawa, akanitazama mimi. Akashika. Akaninyooshea kidole nisimame nyuma ya kandambili. Akanimiminia uji wa kulowesha ulimi tu. Nikanywa, nikarudi, nikamwomba mpishi nyongeza.

"Imekwisha," akasema, akaivuta sufuria kifuani na kuanza kunywa mwenyewe.

Kliniki, mshale wa mizani ulitetemeka kwa sababu Mheshimiwa hakutulia. Muuguzi akamwomba asimame wima. Alitulia kidogo, nami nikainama kuusoma mshale. Gramu mia mbili juu. Muuguzi akaweka nukta kwenye kadi, akasema halazwi, ila amwone tena baada ya wiki mbili.

Nje mama akasimama ghafla. Mimi nilikuwa nafungua shule Jumatatu, na sote wawili tulikuwa tumepiga hesabu hiyohiyo.

"Hiyo foleni," akasema, "inapangwaje?"

"Kwanza kabisa, mama, unakula chako. Humtazami."

"Simtazami hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akakaza macho barabarani, tukaanza kutembea, Mheshimiwa akiburuza miguu nyuma yetu. Mama alivumilia hatua nne. Ya tano akageuka.

Nikamwambia turudie.