Mgongo wa Mbuke

Mbuke alikuwa akiyumba. Asubuhi nzima, kila mpira ulipokuwa upande wa pili wa uwanja, binti yule alisimama katikati ya milingoti ya goli akihamisha uzito wake kutoka mguu huu kwenda mguu ule, polepole, bila kukoma, kiwiliwili kimeinama mbele kidogo. Mwalimu Gwantwa, aliyekuja Tunduma kuchagua mlinda mlango wa timu ya wasichana ya wilaya ya Momba, alikunja uso. Mlinda mlango hutulia. Akiyumba, mpira humkuta ameegemea upande usiotakiwa.

"Lakini mikono, mwalimu," alisema Yonasi, aliyekuwa akisaidiana naye kuchagua. "Mikono yake umeiona?"

Aliiona. Nani asingeiona? Mashuti makali yalitua viganjani kwa Mbuke yakanyamaza. Rosemary, binti wa mjini aliyewania naye nafasi hiyo moja, aliruka vizuri na kuanguka vizuri zaidi, ila mpira ulimponyoka. Kasoro ya Mbuke nayo haikujificha: hakukubali kuanguka chali. Mpira wa juu, ule unaomtaka mlinda mlango arudi kinyumenyume na kujitupa nyuma, ama aliuacha uingie wavuni, ama alijipindua hewani kama paka na kutua kwa kifua. Viwiko vyake vilikuwa vimechubuka, vinavuja damu.

Gwantwa alizaliwa milimani Ileje, akadaka miaka mingi kabla magoti hayajamgomea. Watu walimwita mkali, naye hakukana. Aliamini kwamba mikono mtu huzaliwa nayo, kuanguka hufundishwa, na asiyetaka kufundishwa amechagua mwenyewe kurudi nyumbani. Na Mbuke hakutaka kurudi nyumbani. Alilisema hilo mara tu baada ya shikamoo: alisikia kuna shule ya bweni huko Mbeya inayochukua wachezaji wa timu za wilaya, naye alitaka kwenda huko, mbali na kijijini kwao Msangano. Alilisema huku akitazama chini, lakini alilisema mara mbili.

Mpira mwingine ukapaa. Mbuke akajipindua, akatua kwa kifua, mpira ukatikisa wavu.

"Wewe binti!" Gwantwa alipaza sauti. "Huko mgongoni umebeba mayai?"

Wasichana waliokaa pembeni wakaangua kicheko. Hata madereva wa malori, waliochoshwa na foleni ya mpakani wakaja kutazama mchezo, walicheka. Mbuke hakucheka wala hakununa. Alipeleka mkono mmoja nyuma, chini ya kiuno, akauacha hapo, kiganja kikitazama juu kana kwamba kimeshikilia kitu. Kicheko kikamwishia Gwantwa mdomoni. Mkono ule aliujua, kama kila mwanamke anavyoujua. Akapuliza filimbi, akamwita binti nyuma ya goli.

"Ulikuwa ukimbeba nani?"

"Ngusa, mwalimu. Mdogo wangu."

"Na mama?"

"Mama alikuwa anaumwa, hawezi kuinuka. Baba yuko na ng'ombe. Nikambeba mimi, tangu mchanga. Kisimani, machungani, kila mahali." Kiswahili chake kilitembea taratibu, lafudhi ya Kisukuma ikisikika ndani yake. "Wenzangu wakicheza mpira, walisema mwenye mtoto hakimbii, akae golini. Ndiyo nikakaa golini."

"Ukadaka na mtoto mgongoni?"

"Ndiyo, mwalimu. Nikidaka anacheka. Nikikosa ananipiga hapa." Akagusa bega lake. "Sikuwahi kumwangukia. Hata siku moja."

Gwantwa hakutaka kuuliza lililofuata, lakini aliuliza.

"Yuko wapi sasa?"

"Mvua za mwaka huu mto ulijaa. Homa ikamshika, gari likashindwa kuvuka. Tukakaa ukingoni tunangoja maji yapungue, nimembeba." Akakwangua damu iliyokauka kiwikoni. "Shangazi akaja kumfungua kwenye mbeleko. Nikamwambia amwache, bado amelala."

Gwantwa aliitia filimbi mfukoni. Alishikwa na aibu kwa ule utani wake wa mayai, na chini ya aibu hiyo palikuwa na huzuni. Tangu asubuhi alikuwa akimlazimisha mtoto huyu amwangukie ndugu yake. Alichokiita kuyumba kilikuwa kubembeleza.

"Usianguke," alisema. "Nitazungumza na mwalimu Yonasi. Mikono yako inatosha."

Alijua anadanganya. Huko Mbeya mechi moja tu ingetosha kumwumbua, na kila timu ingempigia mipira ya juu mpaka basi. Mbuke naye alijua.

"Watanipigia za juu, mwalimu. Nirushie."

"Mwanangu, si lazima leo."

"Nirushie."

Akarudi golini. Gwantwa alirusha mpira kwa mikono yake mwenyewe, juu, bila nguvu, akiomba moyoni uende nje. Haukwenda nje. Mbuke alirudi kinyumenyume, akaruka, akaunasa, na safari hii hakujipindua. Mgongo wote ulikutana na ardhi kwa kishindo, vumbi likamfunika. Mpira haukumtoka mikononi.

"Huyo!" Yonasi alipiga makofi. "Huyo ndiye wetu!"

Mbuke alibaki amelala, macho wazi, amekumbatia mpira. Kisha aliinuka upesi, akapiga magoti na kugeuka kutazama pale alipoangukia. Akapapasa vumbi kwa kiganja, hapa na pale. Hapakuwa na kitu. Alilia kidogo, bila sauti, akajifuta uso kwa mkono wa fulana, akasimama na kumrushia Gwantwa mpira.

"Tena, mwalimu."

Alisimama wima katikati ya milingoti, miguu imetulia tuli, hayumbi. Gwantwa alikuwa akilitaka hilo tangu asubuhi. Aliukumbatia mpira kifuani, asiurushe. Yonasi alipomwita mara ya pili ndipo alipogundua kwamba yeye mwenyewe, kutoka mguu huu kwenda mguu ule, polepole, alikuwa ameanza kuyumba.