Panda Mwekundu Hana Nyumba

Namsikiliza binti yangu Tusekile akisoma kwa sauti habari za panda, mtihani wake ni kesho, na kabla hajafika mwisho wa ukurasa kochi linazama nami na tayari niko barabarani. Barabara haitulii, nikikanyaga inajikunja, nikisimama inakwenda yenyewe. Nimemshika mkono panda mkubwa, mweusi kwa mweupe, mzito kama gunia la mpunga, na mgongoni nimembeba panda mwekundu, mdogo, mkia wa mistari, ananing'ang'ania shingo. Mbele kuna mji wa vioo, na langoni amesimama kiongozi asiye na uso. Anasema, jua likizama, asiye na nyumba anakuwa kama mimi. Namuuliza, nyumba zao ni zipi? Anasema, sahani moja, mikono minne, mama mmoja. Namwambia, baba, mimi nina stashahada ya maabara, mafumbo kawape wasio na kazi. Anawashika panda wote wawili mikono, anawakagua kama bibi anavyokagua masikio ya mtoto mchanga ajue ni wa ukoo gani. Wote wanakula mianzi, anasema, wote wana kidole gumba cha uongo, mfupa tu wa kifundo cha mkono uliorefuka. Hawa ni ndugu. Namwambia, mimi na mama mkwe wangu tuna vidole vya aina moja na hatuna undugu hata wa kuombana chumvi. Lete damu.

Damu inakuwa nyuzi, DNA yenyewe, ndefu kuliko barabara, na mji unageuka jiko la vioo lenye mlango wa kila ukoo wa wanyama. Nasokota uzi wa huyu na uzi wa yule, natia sufuriani, nachochea moto. Nyuzi za ndugu wa karibu zinashikana mpaka moto ukolee sana. Za watu baki zinaachana mapema. Uzi wa panda mkubwa na wa dubu unagoma kuachana, nachochea, unagoma, mpaka mlango wa dubu unafunguka na panda mkubwa anaingia bila kuaga, kama mtoto aliyesikia harufu ya chakula. Uzi wa mwekundu na wa dubu unaachana upesi. Mama, rudia, mwekundu ananong'ona. Narudia. Unaachana. Vioo vinahama, jua linashuka, masharubu yake yaliyokuwa yakinitekenya shingoni siyahisi tena. Najaribu uzi wa rakuni, mnyama mwenye mkia wa mistari kama wake: unashikana kidogo, unaachana. Nyegere: vivyo hivyo. Hao ni majirani, si nyumbani. Kiongozi anasema, milango imekwisha. Nasema, basi toboa ukuta, huyu ana nyumba yake mwenyewe, ukoo mzima ni yeye. Na mwekundu anauliza, nitakula na nani, Mama? Hilo halipimwi kwa sufuria. Nashika mwiko, napiga kioo, napiga, nyuma ya kioo kuna kioo, pua yake inanigusa shavu na haina umbo, napiga tena, na mwanga unamwagika wote kwa pamoja.

Niko kochini. Mtoto ameniinamia, dirisha liko nyuma yake, uso wake ni kivuli kitupu. Mama, twende tukale, ananiambia. Nanyanyua mkono kuelekea pale pua inapopaswa kuwa. Tulia, namwambia, usisogee, kwanza nikuone.